Binti Aliyehamia Chuo Kikubwa

Wapendwa, niwape mfano, na nauharakisha kwa sababu huyu mtoto mgongoni akiamka hatutasikilizana. Kulikuwa na binti anasoma chuo kidogo cha mkoani, kule walimu wanamjua mpaka mama yake, akafaulu sana, akaomba kuhamia chuo kikubwa, kile wanachoomba mamia wanachukuliwa wachache, na akachukuliwa. Nyumbani vigelegele. Wenzake wakamtania, "Utatusahau wewe, utaanza kuongea kwa pua!"

Akafika. Ni mwaka wa pili, wenzake wameshajuana tangu wa kwanza, kila kundi lina kimbweta chake, zile meza za zege za nje wanakosomea, na mwalimu ameshasema kazi ya mtu mmoja hapokei, asiye na kundi amefeli. Binti akisogea hapa, mkoba unawekwa penye nafasi, akisogea pale, wanashusha sauti. Mngemwona mchana anakula amesimama nyuma ya hosteli. Mngemwona anapita katikati ya watu simu iko sikioni, anacheka, "Ehee, niambie!" na simu yenyewe imezima, upande wa pili hakuna mtu. Mama yake akipiga, anamwambia huku kuzuri, mama. Angesema nini, baada ya vile vigelegele? Nyie hamjawahi kuulizwa hali mkasema nzuri, na si nzuri?

Siku moja dada mmoja mcheshi, mdomo umejaa muhogo, akamwita, "We mgeni, mbona unatuzunguka kama mkaguzi? Kaa basi, hatung'ati!" Akajisogeza, akampisha. Binti akakaa, akalia palepale, wakamcheka, wakamkatia muhogo.

Sasa nisikilizeni. Muhula uliofuata akaja binti mwingine, naye amehamia, katoka chuo cha mbali, madaftari kayakumbatia kifuani, akamkuta huyu wetu amekaa peke yake kimbwetani anasubiri wenzake.

"Samahani dada, naweza kuungana na nyie?"

Mnadhani alimjibuje? Yeye, aliyekula amesimama?

"Sisi tumeshazoeana, ukiingia utatuchelewesha."

Yule akasema, "Haya dada, asante," akaondoka.

Yule mcheshi akatokea. "Alikuwa anataka nini?"

"Kundi. Nimemwambia tumetosha."

Hakumgombeza. Akageuka, akamfuata mgeni. Wengine walipofika wakauliza mwenzao yuko wapi, wakaenda hukohuko. Binti akabaki na meza nzima.

Jamani, ni sisi. Kuna mtu alijisogeza ndipo tukakaa humu kanisani, hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa na kiti. Halafu akiingia mama mgeni tunamwangalia nguo, tunaendelea na stori zetu. Mimi naogopa, nawaambia ukweli, nina huyu mtoto, naye atakuwa mgeni mahali, na sijui atamkuta nani. Lakini naogopa zaidi hili: kwamba Bwana aliyetupisha sisi hakai na wanaozuia nafasi, anainuka anamfuata aliyekataliwa, na sisi tumo humu tunaimba, tunapiga makofi, wala hatujui kama ameshatoka.