Mifuko ya Magugumaji

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Maana yake ni kwamba anayekikimbilia kitu kabla ya wakati wake hukikosa, hata kama kilikuwa kinamngoja yeye. Byron aliijua vyema methali hii. Akiwa darasa la nane aliiandikia insha, akapata alama thelathini na sita kwa arobaini, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima. Lakini kuandika ni kazi moja, kuishi ni nyingine.

Shemeji yake, Mellen, mzaliwa wa Ntimaru aliyeolewa Homa Bay, alikuwa amefundisha kemia miaka mingi kabla ya kufungua karakana karibu na ziwa. Huko aliyageuza magugumaji, adui wa wavuvi, yakawa mali. Aliyachemsha mashina, akayatoa rangi yakawa meupe kama tui, kisha akayatia katika tindikali iliyoyavunjavunja hadi zikabaki fuwele ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Karatasi iliyopakwa fuwele hizo ilikuwa ngumu na haikupenyeza mafuta, naye akaikunja kuwa mifuko ya kubebea samaki.

Tatizo lilikuwa kuosha. Tindikali haikutoka ila kwa kubadilisha maji ya ndoo zenye fuwele asubuhi na jioni, siku saba mfululizo. Kazi hiyo waliifanya Byron na Scovia, kibarua wa karakana, binti mkimya asiyejua kulalamika.

Habari zilimfikia Abdinasir, mfanyabiashara wa jumla mjini Migori. Akaahidi kuja kuiona mifuko hiyo. Ikimpendeza, duka la kuiuza lingefunguliwa Migori, na Mellen alikwisha kumwambia Byron kuwa yeye ndiye angelisimamia. Tangu siku hiyo Byron alianza kutembea kimeneja: mikono nyuma, tumbo mbele. Akanunua suruali mpya ya pamba, akawa haivui.

Jumatatu moja Mellen aliitwa Ntimaru. Mamake alikuwa mgonjwa.

"Endeleeni kuosha mpaka Jumapili," aliagiza. "Mgeni nimemwambia aje Ijumaa ya wiki ijayo."

Vumbi la gari lake halijatulia, Byron akapiga simu. "Mzee Abdinasir, kila kitu kiko tayari. Wewe njoo Jumatano hii."

Scovia alishtuka. "Byron, hii kitu bado ni kali! Tumeanza kuosha leo tu. Ona, karatasi ya kupimia tindikali imekuwa nyekundu kama nyanya."

"Wacha woga. Mzungumzaji na mgeni ni mimi. Leta ndoo zote."

"Zote? Hii moja sikupi," Scovia alisema, akaikumbatia ndoo yake kama mwana mchanga.

Byron alizipaka karatasi mbiombio, akaziweka kando ya jiko zikauke haraka, kisha akazikunja kuwa mifuko. Kila mikono ilipomwasha, aliipangusa kwenye mapaja ya suruali yake mpya.

Jumatano Abdinasir aliwasili. Wanawake wauza samaki wakasogea kutazama.

"Mbona mifuko imeungua kama chapati?" aliuliza mgeni.

"Hiyo ni rangi ya kisasa, mzee."

Abdinasir akatia ngege wawili wa kukaanga ndani ya mfuko mmoja, akauinua. Kitako kikachomoka. Samaki wakatua juu ya viatu vyake.

"Pole, mzee! Pole sana!" Byron akainama kuwaokota.

Rrraaa! Suruali ikapasuka mapaja yote mawili kama karatasi iliyolowa. Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akalazimika kushika ukuta. Byron akabaki ameinama, hajui ainuke au azame ardhini.

Abdinasir alichukua gunia tupu, akamtupia. "Jifunike, ndugu yangu. Naona mfuko na suruali vina fundi mmoja."

"Ni tindikali," Scovia alieleza kwa upole. "Haikuoshwa ikaisha. Inakula pamba vile ilikula magugu."

"Ingeoshwa mpaka lini?"

"Jumapili, mzee. Nimebakisha ndoo moja. Hiyo bado naosha."

Abdinasir akaitazama ile ndoo kwa muda, kisha akamtazama yule binti. "Basi nitarudi siku ile mwalimu aliyonipa."

Alitimiza neno lake. Mellen alikuwa amerejea, mamake akiwa nafuu. Mfuko uliotokana na ndoo ya Scovia ulijazwa samaki wa mafuta, ukatundikwa kwenye msumari tangu asubuhi. Abdinasir alipotoka kuswali alasiri, aliupapasa chini kwa kidole. Mkavu! Akatabasamu, akaagiza mifuko ya kutosha soko zima la Migori.

"Ila duka," aliongeza, "nataka lisimamiwe na yule aliyeng'ang'ania ndoo."

Byron akamgeukia Mellen. "Shemeji, si uliniahidi mimi?"

"Nilikuahidi, shemeji, na sikuwa nakudanganya," Mellen alijibu kwa huzuni. "Ungengoja siku tisa tu, lingekuwa lako."

Jumatatu iliyofuata Scovia alipanda gari kwenda Migori, ufunguo wa duka mkononi. Byron alimpungia mkono, akarudi karakanani kubadilisha maji ya ndoo sita, kazi ambayo angeirudia jioni, na kesho yake, na kesho kutwa. Alikuwa ameandaliwa karamu akaimwaga mwenyewe. Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu.