Siku Kamati Ilipopigwa Picha

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo wanyama walikuwa na nyumba, vikao na baiskeli, palikuwa na mlima wa mawe ulioitwa Mlima Kokoto.

Naona mnacheka. Chekeni tu, lakini baiskeli zilikuwepo. Hata Nyati alikuwa na yake, na hakuna chuma kilichopata taabu duniani kama baiskeli ile.

Kutoka kileleni mpaka bondeni ilishuka njia nyembamba ya baiskeli. Ilipinda huku, ikapinda kule, ikapenya kati ya mawe, ikavuka kijito juu ya daraja la magogo. Ukiteremka nayo, vuuuuu! Masikio yanalala nyuma, na moyo unauacha kileleni, unakukuta bondeni.

Je, njia hiyo ilijichimba yenyewe? Nyati alidhani hivyo. Lakini ilichimbwa na wanyama wa kujitolea. Kila Jumamosi asubuhi Bi Pimbi, mfupi, mnene, mkia hana, alipanda mlima na jembe begani. Kaka Kinyonga alikuja na fagio. Mzee Kobe alikuja na karai, tena hakuchelewa hata siku moja, kwa sababu alikuwa akianza safari Alhamisi.

Walifukia mashimo, wakakata matawi, wakainua kingo za kona ili mtu asirukie bondeni. Hakuna aliyewatuma. Waliipenda njia yao, basi.

Na palikuwa na Kamati. Kazi kubwa kama hiyo itakosaje Kamati? Mwenyekiti alikuwa Nyati, Makamu wake Kifaru, Katibu Ngiri. Kila mmoja alivaa fulana ya kijani yenye maandishi makubwa mgongoni: MJITOLEAJI. Zilikuwa fulana safi ajabu. Tope lilizisikia kwa mbali tu. Fulana zilikuwa tatu, na Kamati ilizigawa kwa haki kabisa: moja kwa Mwenyekiti, moja kwa Makamu, moja kwa Katibu.

Mvua ikinyesha, Bi Pimbi aliweka kibao njiani: NJIA IMELOWA. TUSUBIRI IKAUKE. Maana tairi zikipita kwenye tope huchimba mifereji, na mifereji ikikauka, njia imekwisha.

Siku moja Nyati alifika na baiskeli, akakisoma kibao, akakisogeza pembeni kwa pembe.

"Mheshimiwa," Bi Pimbi akasema, "kibao kinasema tusubiri."

"Kinawaambia wanaoendesha baiskeli."

"Na wewe hapo umekalia nini?"

"Mimi niko kwenye ukaguzi!"

Chwaaaaa! Akateremka, tope likaruka mpaka kwenye matawi. Nyuma yake ulibaki mfereji wa tairi, na Mzee Kobe akatumbukia humo. Alitoka saa tisa alasiri.

Sasa sikilizeni taabu yenyewe.

Mwaka uliotangulia, wakati wa masika, jiwe kubwa kama nyumba liliporomoka likaketi kwenye kona ya juu. Hapo ndipo maji yalipokuwa yakipita kwenda korongoni. Yalipozibiwa, yakageuka, yakaifuata njia ya baiskeli moja kwa moja mpaka chini, kwenye pango la Bi Pimbi na majirani zake. Maji yaliingia, guuuuu! Yakachukua vyungu, mikeka, na nusura yamchukue binti yake mdogo. Walimkuta ameng'ang'ania mzizi, meno yanagongana, hawezi hata kulia.

Na sasa masika yalikuwa yanakaribia tena. Mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya.

Bi Pimbi, Kinyonga na Mzee Kobe wakapeleka mtaimbo kwenye jiwe.

"Eeeee-haya! Eeeee-haya!"

Jiwe halikujua hata kama linasukumwa.

Basi Bi Pimbi akaenda kwa Kamati. Aliikuta imekaa kivulini, inasimamia.

"Waheshimiwa, masika yanakuja. Jiwe la kona ya juu lazima liondoke na mtaro uchimbwe. Sisi wadogo hatuna nguvu hiyo. Ninyi mnazo."

Nyati akakohoa. "Umeleta barua?"

"Barua ya nini? Mimi mwenyewe nimekuja."

"Katibu, andika kwamba amekuja bila barua."

Ngiri akaandika, kru kru kru.

"Jambo hili ni zito," Nyati akasema. "Tutaunda kamati ndogo ilishughulikie."

"Lakini Kamati nzima ni ninyi watatu!"

"Ndiyo maana itakuwa ndogo."

Bi Pimbi akamgeukia Kifaru. "Makamu, hebu wewe. Bega lako moja tu latosha."

Kifaru akatazama chini. "Mganga amenikataza kusukuma," akasema kwa sauti ya mgonjwa. Asubuhi ile ile alikuwa amepanda mlima na kuteremka mara tatu.

Bi Pimbi alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Mlangoni akamkuta yule binti yake anaipima mizizi ya ukutani, anauvuta mmoja baada ya mwingine.

"Mama," mtoto akauliza, "mwaka huu nishike upi?"

Bi Pimbi akapiga magoti. Akamkumbatia, kisha akatoka, akaenda mbio mpaka kwa Kinyonga.

"Kaka Kinyonga, unaweza kukaa bila kutikisika kwa muda gani?"

"Unavyoniona hapa, dada, sijatikisika tangu juzi."

"Vizuri. Una sanduku?"

"Ninalo la majani ya chai, ila ni tupu."

"Tupu ndilo ninalolitaka. Tulitoboe tundu moja, tulitie miguu mitatu, na utafute kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa."

Kesho yake Bi Pimbi akarudi kivulini, safari hii amechanua tabasamu.

"Waheshimiwa, jana nilisahau habari ndogo tu. Kinyonga amepata mashine ya kupigia picha. Alitaka kuwapiga picha viongozi wakiwa kazini, aibandike njia panda, kila anayepita aione. Nikamwambia asiwasumbue, mna kamati ndogo..."

Nyati akasimama, kishindo ndi! "Nani alikwambia tunasumbuliwa?"

"Nilifikiri..."

"Usifikiri! Katibu! Fulana zetu zimepigwa pasi?"

Jumamosi saa mbili asubuhi Kamati nzima ilikuwa kwenye kona ya juu, fulana zinang'aa, pembe zimepakwa mafuta. Kinyonga alikuwa tayari nyuma ya sanduku lake, kichwa ndani ya kitambaa cheusi. Jicho lake moja lilitokeza upande huu kumtazama Nyati, la pili upande ule kumtazama Kifaru. Kamati ikakubali kwamba huyu ni fundi kweli.

Mzee Kobe akatokea na karai lake. Bi Pimbi akamnong'oneza, "Leo keti, Mzee wangu. Leo tunatazama."

Nyati akashika jembe, akainua kidevu, akatoa tabasamu. Akasubiri. Nzi akatua puani. Akasubiri.

"Bado?" akauliza kwa kona ya mdomo.

"Sikuoni, Mheshimiwa," Kinyonga akajibu taratibu.

"Hunioni? Mimi? Nyati mzima?"

"Mashine hii ina tabia yake. Inanasa anayefanya kazi. Anayesimama tu haingii."

Nyati akacheka. "Ni hivyo tu?" Akapiga jembe moja. Gubu!

"Ooo! Mguu mmoja umeingia."

Gubu! Gubu!

"Na wa pili. Endelea, Mheshimiwa. Kichwa ndicho kikubwa, kitachelewa kidogo."

Ngiri akaona atapitwa. Akapiga magoti, akaanza kufukua kwa meno yake, kru kru kru, udongo ukaruka nyuma kama mvua.

"Alaa!" Kinyonga akaita. "Katibu amejaa picha nzima! Tena amependeza!"

"Katibu?" Nyati akafoka. "Katibu mbele ya Mwenyekiti? Sogea!" Gubugubu! Gubugubu!

Bi Pimbi akapita pembeni na kamba, anaonyesha kwa adabu. "Mheshimiwa, mwanga ni mzuri zaidi huku. Na huku. Fuata kamba tu. Chimba ndani kidogo, tuone kifua."

Wakachimba. Jua likapanda, wakachimba. Zile fulana zikaonana na tope kwa mara ya kwanza.

Kifaru alikuwa bado amesimama, kwa sababu ya mganga.

"Pole, Makamu," Kinyonga akamwambia. "Umebaki pembe tu. Watu watafikiri ni kisiki."

"Kisiki!"

"Na hili jiwe linakukinga. Lingekuwa halipo, ungetoka mzima mzima, labda ungekuwa katikati."

Kifaru akalitazama jiwe. Akamsahau mganga. Akaliegemeza bega.

"Katikati ni mahali pangu mimi!" Nyati akapaza sauti, naye akaweka bega lake. Ngiri akaingiza meno kwa chini.

"Haya waheshimiwa, pamoja!" Bi Pimbi akaimba. "Eeeee..."

"HAYA!"

"Eeeee..."

"HAYAAA!"

Jiwe likaguna. Likayumba. Gudu, gudu, gudugudugudu, PUUUUU! Likaangukia korongoni, vumbi likapanda, ndege wote wakaruka.

Kinyonga akagonga ulimi wake ndani ya sanduku: kacha! "Imetoka," akasema. "Ahsanteni. Nendeni mkaoge."

Waliondoka wanachechemea, wamefurahi kupita kiasi. Walipotoweka, Bi Pimbi akakaa kwenye ukingo wa ule mtaro, mrefu, wenye kina, ulionyooka kama kamba, akaupapasa kwa mkono. Ndipo machozi yakamtoka.

Alhamisi adhuhuri mvua ikashuka. Ilikuwa mvua ya kumwaga, wala hungesikia hata ungeitwa. Maji yakaja mbio mpaka kona ya juu, yakaukuta mtaro, yakageukia korongoni, guuuuuu! Njia ya baiskeli ikalowa juu tu. Kule chini pango lilikuwa kavu, na yule binti alikuwa amelala mchana kweupe, kinywa wazi, anakoroma.

Jumamosi Nyati akawaita wanyama wote njia panda waje kuiona picha. Wakajaa. Kinyonga akaja na sanduku, hatua moja kila dakika tano. Nyati hakuweza kungoja, akamrukia, akalifungua.

Akachungulia. Akaingiza pua. Akapiga chafya, chyaa!

"Ni vumbi la majani ya chai!" akanguruma. "Picha iko wapi?"

"Haipo," Bi Pimbi akasema.

"Haipo? Tumedanganywa! Ndugu wanyama, tazameni dhuluma hii! Tumechimba kutwa nzima! Kwato zimepasuka! Mgongo hauinuki! Tumefanyishwa kazi kama... kama..."

"Kama nani, Mheshimiwa?" Bi Pimbi akauliza.

"Kama ninyi!"

Kisha Mama Digidigi, ambaye huwa hasemi kwenye vikao, akainua kichwa kule nyuma.

"Samahani, Mwenyekiti. Kwani hizo Jumamosi nyingine zote mlikuwa mnafanya nini?"

Nyati akamgeukia Katibu. Ngiri, aliyezoea kusoma kumbukumbu za vikao kila akiulizwa, akafungua daftari lake.

"Jumamosi ya kwanza, tulikaa. Jumamosi ya pili, tulikaa, tukaahirisha. Jumamosi ya tatu..."

Kifaru akamkanyaga mguu, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha kupasuka. Hahahaaa! Tumbili alianguka kutoka mtini. Mzee Kobe alicheka mpaka akajiviringisha chali, ikabidi ageuzwe.

"Umenidanganya!" Nyati akamsogelea Bi Pimbi, pembe chini, pua inafuka. Wanyama wakaacha kucheka. Bi Pimbi hakurudi nyuma.

"Ndiyo, kuhusu picha nimekudanganya," akasema. "Ila mtaro ni wa kweli, na wanangu wako hai. Kama unaona umeonewa, Mheshimiwa, korongo lile pale. Nenda ukalirudishe jiwe."

Nyati akalitazama korongo. Akawatazama wanyama, na wanyama wote walikuwa wanamtazama yeye, wanasubiri kwa hamu. Akavua fulana yake taratibu, akaikunja, akaenda zake. Mpaka leo husema anangojea picha.

Ngiri naye alihamia mlima wa pili, ambako nasikia ameunda Kamati nzuri sana.

Lakini Jumamosi iliyofuata, Bi Pimbi alipofika na jembe lake, alimkuta Kifaru amesimama kwenye kona peke yake, hana fulana, anachorachora chini kwa ukucha.

"Makamu, kulikoni? Leo hakuna picha."

"Najua," Kifaru akasema, uso umemwiva kwa haya. "Ule mtaimbo uko wapi?"

Basi wanangu, ukimwona mkubwa anayependa kupigwa picha na jembe, mpige hiyo picha, ila usiimalize haraka.