Ufunguo, Betri na Magurudumu ya Ndefu

Hapo zamani, na wala si zamani ya mazimwi, ni zamani hii hii ambayo baadhi yenu mlikwishaota meno, kulikuwa na gari moja juu milimani kwetu Upareni. Nyamazeni kwanza. Anayetaka kubisha atabisha nikimaliza, tena nitamlazimisha.

Gari lenyewe lilikuwa refu. Si basi, si lori, ni gari la familia, lile lenye viti mbele, viti katikati, na nyuma yake buti lililoendelea kana kwamba aliyelichora alisahau kuacha. Watu wakaliita Ndefu. Mwenyewe alikuwa Mzee Elisante, mkulima wa tangawizi, aliyekuwa na mke na watoto watatu.

Ndefu lilipendwa. Lilibeba tangawizi kwenda sokoni, likabeba bibi harusi na shangazi zake wote, likabeba mabati, mbuzi, wazazi waliokaribia kujifungua, na marehemu waliorudishwa nyumbani. Ukilaza viti vya katikati, mtu mzima alilala humo akanyoosha miguu. Hakukuwa na chombo kingine pale kijijini cha kumpeleka mtu mjini amenyooka.

Ndefu lilichukiwa pia. Lilikuwa na kiu ya petroli isiyo na haya. Mkia wake ulikwaruza kila mtaro. Kwenye kona za mlima, magari mafupi yalikata mara moja yakaenda zake. Ndefu lilikwenda mbele, likarudi nyuma, likaenda mbele tena, huku abiria wameshuka kuweka mawe nyuma ya tairi na kumtaja Mungu. Mvua ikinyesha, paa lilivuja juu ya kiti kimoja, na kiti hicho alipewa mgeni.

Basi Mzee Elisante akafariki. Siku ya kumaliza matanga ukoo ukakaa uani kugawa vitu vyake. Kaka yake, Baba Mkubwa Kiondo, akakohoa akasema, "Shamba lina wenyewe. Nyumba ina mjane. Hili ligari liuzwe, ukoo ugawane, yaishe."

Watoto watatu wakasimama kwa pamoja. Tangu wazaliwe walikuwa hawajakubaliana jambo lolote, lakini siku hiyo sauti yao ilikuwa moja. "Haliuzwi!"

"Haliuzwi? Basi ni la nani?"

Hapo umoja wao ukafika mwisho.

"Ni langu," akasema Mbazi, mtoto wa kwanza.

"Ni langu," akasema Namsifu, binti wa katikati, aliyekuwa ameolewa ng'ambo ya bonde.

"Ni langu," akasema Senzota, kitinda mimba, aliyekuwa bado anaishi kwa mama yake.

Mnatujua sisi Wapare kwa haki zetu. Mtu wetu ataidai haki yake hata kama haimfai kitu, na usipompa atakufuata nayo mpaka kaburini, kwako au kwake. Mbazi akachukua ufunguo, akautundika shingoni. Namsifu kuona vile, akafungua boneti, akang'oa betri, akajitwika kichwani, akavuka nayo bonde. Senzota kuona vile, akalipandisha gari juu ya mawe, akafungua magurudumu mawili ya mbele, akayaingiza chumbani kwake. Kila mmoja akalala usingizi mzuri, maana alijua wenzake hawawezi kwenda popote. Kwamba na yeye hawezi kwenda popote, hilo halikumsumbua.

Ndefu likakaa juu ya mawe, kuku wakataga chini ya usukani. Tangawizi ikaanza kushuka mlimani kwa vichwa vya wanawake kama zamani. Wanakijiji walikuja kusihi. Mbazi akawajibu, "Mimi ufunguo ninao, waambieni wale." Namsifu akawajibu, "Mimi betri ninayo, waambieni wale." Senzota akawajibu, "Mimi magurudumu ninayo, waambieni wale." Mnacheka? Na kule kwenu mmegawana nini?

Mvua za masika zikaja, zile za kukesha na kushinda. Asubuhi moja mama yao, Mama Nakundwa, akaamka na tumbo limekaza. Mganga wa zahanati akaja, akamgusa, uso ukambadilika.

"Huyu apasuliwe leo," akasema. "Leo, si kesho. Na msimkunje. Pikipiki hapana. Alazwe anyooke hadi hospitali."

Wakafikiria machela. Lakini daraja la miti la njia ya mkato lilikuwa limekwenda na maji, na kwa barabara ya magari wabebaji wangefika usiku. Macho ya watu yote yakageukia Ndefu, limekaa juu ya mawe yake na kuku wake.

Jirani akachukua baragumu. Kwetu baragumu huita watu kwenye msaragambo, ile kazi ya wote, ya kulima barabara au kuzibua mfereji, na likilia hakuna anayeuliza limeita kwa nini. Likalia. Mbazi akaja mbio na ufunguo wake. Namsifu akaja, amevuka bonde lile la utelezi na betri kichwani, matope hadi magotini. Senzota akatoa magurudumu chumbani, akayaviringisha hadi kwenye gari.

Halafu wakasimama!

"Kabla sijatia ufunguo," akasema Mbazi, "mashahidi ni hawa hapa. Gari likiwaka, ni langu."

"Litawaka kwa betri ya nani?" akaja juu Namsifu. "Siitui mpaka ukiri ni langu mimi."

"Washeni tu," akasema Senzota, amekalia gurudumu. "Mtakwenda na mawe?"

Naapa, walisema hivyo, na mama yao amelala barazani juu ya mkeka, anawasikia. Hasira inanipanda kila nikifika hapa. Mama Nakundwa akainua kichwa. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilisikika ua mzima.

"Nikifa na mimi mtanigawana? Nani atachukua kichwa?"

Senzota alikuwa wa kwanza kuinama. Magurudumu yakafungwa, betri ikatuliwa, ufunguo ukaingia. Ndefu likakohoa, likatikisika, kuku wakaruka nje, likawaka. Viti vya katikati vikalazwa. Mama akalazwa, akanyooka.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kila mmoja alipojipatia neno la kusema.

Mbazi akashika usukani. Barabara ilikuwa uji mtupu. Kona ya kwanza, mbele, nyuma, mbele, akapita. Kona ya pili, mbele, nyuma, mkia ukaning'inia juu ya korongo, na wanawake waliokuwa wakipalilia upande wa pili wakaziba macho. Mbazi hakupepesa macho. Marehemu baba yake alimfundisha kona zile moja baada ya nyingine, na pale kijijini hakuna mwingine aliyeweza kulishusha gari refu namna ile katika matope. Akapita.

Wakafika kwenye kijito kinachokata barabara. Maji yalikuwa yamepanda. Ndefu likaingia, katikati likazima. Maji yakaanza kuingia chini ya milango. Mbazi akazungusha ufunguo, kimya. Akazungusha tena, injini ikakoroma, ikazima. Akazungusha, akazungusha, na betri haikuchoka, mpaka gari likapiga chafya likawaka. Kwa nini haikuchoka? Kwa sababu Namsifu, tangu siku ile alipoing'oa, alikuwa akiitumia kusikilizia redio, na kila ikipungua aliipeleka mashineni kwa msaga unga kuchajiwa. Ingekaa ndani ya gari muda wote ule, ingekufa, nao wangefia mtoni.

Baada ya kijito ikaja kona ya mwisho, ile mbaya, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine huoni chini. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, gari likaanza kuteleza kwenye ukingo. Senzota akaruka nje. Akavua koti, akalitia chini ya tairi. Halikutosha. Akachomoa turubai alilokuwa akilifunikia Ndefu kila jioni, ndiyo, huyu huyu aliyekuwa akiapa kila siku kwamba analichukia, akalitia nalo. Halikutosha. Akaegemeza bega lake kwenye mkia ule mrefu, upande wa shimo, akasukuma. Gari likatoka. Yeye akaanguka, tairi likampita mguuni, na mpaka leo anachechemea.

Wakafika. Mama akapasuliwa siku ile ile. Daktari akasema mngechelewa kidogo tu mngekuwa mnachimba kaburi. Mama Nakundwa akapona.

Aliporudi nyumbani ukoo ukakaa tena uani, Ndefu mbele yao, matope yamekauka ubavuni. Ufunguo ulikuwa mezani.

Baba Mkubwa Kiondo akakohoa. "Mmeona wenyewe shida yake. Liuzwe."

"Haliuzwi!" wakajibu watatu.

"Basi semeni, na mwenye haki alichukue leo."

Mbazi akasimama. "Mimi nalipenda gari hili kwa sababu lina heshima. Likipita watu wanasogea. Nachukia kiu yake, na nachukia kona, lakini kona hizo nani anaziweza? Mlikuwa na ufunguo, betri na magurudumu, na bila mikono hii mngekuwa korongoni. Gari ni la anayeliweza. Ni langu."

Namsifu akasimama. "Mimi nalipenda kwa tumbo lake. Linameza shamba zima la tangawizi na wenye tangawizi, na wanawake wa mlima huu walipumzisha shingo zao. Nachukia kelele zake, na lile paa linalovuja. Lakini lilipozima majini, Kaka Mbazi, mikono yako ilifanya nini? Ilizungusha ufunguo. Kilichojibu ni betri yangu, niliyoitunza mimi, niliyovuka nayo bonde mimi. Msiniambie nimeolewa. Kuolewa hakukunifuta kwenye tumbo la mama. Gari ni la aliyelipa uhai. Ni langu."

Senzota akasimama kwa mguu mmoja. "Mimi silipendi. Sitasema uongo mbele ya mama. Limekula nafasi ya zizi langu, linanuka, linavuja, kulifunika kila jioni kumenichosha. Nalipenda kitu kimoja tu, kwamba mama alilala humo akanyooka. Kaka alikuwa amekaa. Dada alikuwa amekaa. Mguu uliokwenda chini ya tairi ni wangu. Gari ni la aliyelilipia kwa mwili wake. Ni langu, na nikipewa nitafanya nalo nipendavyo."

Kelele zikazuka uani. Huyu anamtetea huyu, yule anamtetea yule. Baba Mkubwa akainua fimbo, akaishusha, akaiinua tena. Katika kelele zile Mama Nakundwa akanyanyuka polepole, mkono kwenye mshono wake, akaenda mezani, akachukua ufunguo. Akatembea hadi kwenye Ndefu, akafungua mlango wa dereva, akaketi.

"Shemeji," akasema Baba Mkubwa, "hapo si pako."

"Pangu ni wapi?" akauliza Mama Nakundwa. "Niambie wewe, maana kiti cha mbele ulikuwa unakaa wewe, pamoja na mdogo wako. Kiti cha kati walikaa wageni. Mimi nilikaa kule kwenye buti, juu ya kibao kilichogeuzwa kutazama nyuma, na magunia mapajani. Maisha yangu yote ndani ya gari hili nimeona tulikotoka. Tunakokwenda niliambiwa tu. Nilipokuwa na mimba ya huyu Mbazi nilikaa kule. Nilipokuwa na mimba ya Namsifu nilikaa kule. Nilipokuwa na mimba ya Senzota nilikaa kule, na juzi mkanilaza kule. Tangawizi iliyolinunua niliipanda mimi, nikaing'oa mimi. Na sasa nawasikia wanangu wanasema nani ameokoa gari, nani amelipa uhai, nani amelilipia kwa mwili. Mimi ninyi watatu niliwalipia kwa kitu gani? Nalipenda gari hili. Ninachokichukia ndani yake ni kiti changu. Sishuki."

"Mama," akasema Mbazi taratibu, "hujui kuendesha."

"Wewe ulizaliwa unajua?"

Akafunga mlango. Akazungusha kioo, akakifunga nacho. Mpaka jua linazama alikuwa bado ameketi humo, mikono kwenye usukani, na ukoo mzima umelizunguka gari unabishana.

Hapo ndipo mimi ninapoweka mzigo chini, mwenye mabega na aubebe. Mbazi alilishusha mlimani, lakini alisimama na ufunguo mkononi mama yake akiugua. Namsifu aliipa moto injini, lakini aliikatalia betri. Senzota alitoa mguu wake, lakini alilikalia gurudumu. Mama Nakundwa hakukosa lolote, ila hajui hata gia ya kwanza iko wapi, na barabara ya kwetu mnaijua. Wewe hapo nyuma, nakuona unataka kusema wagawane. Ulikuwa umelala? Waligawana mara moja, nusura wamzike mama yao.

Haya, semeni, tena kwa sauti, na asiwepo wa kuniangalia mimi usoni: usukani wa Ndefu, nani anaustahili?