Saa Kumi na Moja Angani

Mhandisi wa madaraja alikuwa mwana wa pekee, na mamaye alimpenda kama mboni ya jicho lake. Alipopata kazi katika jiji la mbali, ng'ambo ya bahari na milima, mama aliuliza huko ni umbali gani. Mwana akacheka. Akamwambia kwamba siku hizi hakuna mbali. Ni saa kumi na moja tu angani, ukila na kusinzia kidogo umeshatua.

Hakuwa mtovu wa shukrani. Alimwekea mama kamera sebuleni ili amwone kila siku kwenye simu yake, akamtilia na mlango wa chuma wenye kufuli madhubuti. Mama alitaka kumwachia ufunguo wa akiba kinyozi, jirani waliyepakana naye ukuta. Mwana alikataa katakata.

"Mama, watu wa siku hizi si wa kuaminiwa. Ukipata shida, mimi nipo."

Mama hakubishana. Mzazi anayetunzwa na mtoto hujifunza kunyamaza.

Asubuhi moja, mhandisi akinywa chai ofisini, alimwona mama kwenye simu akiinuka kitini, akayumba, akaanguka kama gogo. Alimpigia simu. Ikaita juu ya meza, mama asiinue hata kidole. Akapiga tena na tena. Hospitali ya kule ikamjibu kwamba gari la wagonjwa lilikuwa limetoka, asubiri lirudi. Akatafuta namba ya jirani yeyote, asipate hata moja. Jina lenyewe la kinyozi hakulijua. Kisha picha ikakatika.

Alikimbilia uwanja wa ndege jinsi alivyokuwa, bila hata begi. Ndani ya ndege, kioo kidogo mbele yake kilionyesha ramani, na alama ya ndege ikitambaa juu yake kama konokono. Wenzake walikula, wakalala fofofo. Yeye alikaa ameikumbatia simu isiyo na mtandao. Saa zile alizozifanyia mzaha zilimtafuna moja moja.

Alipofika nyumbani alikuta dirisha limevunjwa na matone ya damu sakafuni. Akamwita mamaye kwa sauti. Mke wa kinyozi ndiye aliyetoka kumwambia kwamba mama yu hai, wamempeleka hospitali.

Kinyozi alikuwa ameketi nje ya wodi, mkono wa kulia umefungwa bendeji.

"Nilisikia simu inaita haipokelewi, na mama si mtu wa kuacha simu iite," alisema taratibu. "Mlango ulinishinda, nikapitia dirishani. Unisamehe kwa kile kioo, ndugu yangu."

Mhandisi aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Daktari alikuwa amekwisha kumweleza kwamba mshipa ulikuwa umeziba kichwani. Mgonjwa angecheleweshwa kidogo tu, wangekuwa wanazungumza mengine.

Aliingia wodini. Mama, mdomo umempinda kidogo, alimpapasa shavu.

"Umefika upesi, mwanangu," alisema kwa shida.

Maneno hayo ya upole yalimchoma kuliko lawama. Akainamisha kichwa kitandani, akalia kimya kimya. Alikuwa amemwona nyoka kwa macho yake mwenyewe, naye ana mapenzi, ana uwezo, ana kila kitu isipokuwa ukaribu. Hakika, fimbo ya mbali haiui nyoka.