Pancha Tatu Njiani Kwenda Barazani

Mtu mmoja alikuwa na pikipiki ndogo na haraka kubwa. Jina lake Chibago, mkulima wa alizeti, mtu mwema. Nanyi mlishike hilo, kwa maana sikuja kuwasimulia habari za mtu mbaya.

Asubuhi moja alimpakia jirani yake, mjane aitwaye Mbeleje, ampeleke kwenye baraza la kata. Mume wa Mbeleje alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na shemeji yake alikuwa akidai kwamba shamba alilomwachia marehemu lilikuwa la kuazimwa tu. Kesi ilipangwa saa sita mchana. Ilikwisha kuahirishwa mara mbili, na safari hii mwenyekiti alikuwa ameonya kwamba asiyefika ataamuliwa bila kusikilizwa. Njia ilikuwa ya saa mbili. Waliondoka saa mbili na nusu, na muda ulitosha.

Walipovuka korongo la kwanza, tairi la nyuma likaisha upepo. Chibago akaona mwiba wa mgunga umechoma, akaung'oa, akautupa kichakani. Akatoa tyubu, akaziba tundu kwa kiraka, akajaza upepo. Mikono yake ilikuwa myepesi. Nusu saa haikuisha. Mbeleje akamsifu, wakaendelea.

Hawakufika mbali. Tairi likalala tena. Chibago akalaumu gundi, akasema siku hizi gundi ni maji matupu. Akaziba. Wakaendelea, na kwenye mteremko wa mawe likalala mara ya tatu. Sasa akalaumu jua, akalaumu barabara na walioiacha iharibike, na moyoni, Mungu amsamehe, akalaumu uzito wa mjane wa watu. Akalipiga gurudumu teke. Akatoa tyubu tena; kiraka kilikuwa kimebaki kimoja.

Mbeleje alisimama pembeni. Shamba lile ndilo lililolisha watoto wake. Lakini macho yake yalikuwa kwenye tyubu, akaona jambo ambalo Chibago, kwa wepesi wa mikono yake, hakuliona: tundu jipya lilikuwa kando ya kiraka cha pili, na kiraka cha pili kando ya cha kwanza. Yote mahali pamoja.

"Mwanangu," akasema, "hujapapasa tairi kwa ndani."

"Mama, hakuna muda! Jua hilo unaliona. Baraza halitakungoja."

Akamjibu, "Shamba ni langu, Chibago, na mimi ndiye ninayekuambia: usiharakishe."

Mbeleje akapiga magoti vumbini, akaingiza mkono ndani ya tairi. Akauzungusha mara moja, hakupata kitu. Chibago akatazama jua. Mbeleje akauzungusha tena, polepole, akikandamiza kila mahali kwa ncha za vidole, na ghafla akavuta pumzi kwa nguvu. Kidole kilikuwa kinatoka damu. Ncha ya ule mwiba ilikuwa imekatikia humo, ndogo kuliko punje ya uwele. Kwa nje haikuonekana. Chibago akaichomoa kwa koleo, akaitazama kiganjani mwake. Akabandika kiraka cha mwisho.

Tairi halikulala tena. Pikipiki ndogo ile ilipanda kilima ikinguruma, ikakata bonde la mchanga, ikapita mbuzi na mikokoteni, na Mbeleje nyuma amejishikilia, kanga ikipepea, anacheka kama msichana. Walipofika, karani alikuwa ameliita jina lake mara mbili. Shemeji alikwisha kusimama, anakung'uta suruali yake aondoke na ushindi.

"Mbeleje Mahinyila!" karani akaita mara ya tatu.

"Nipo!" akajibu kutoka mlangoni.

Aliingia na vumbi mpaka kwenye nyusi, kidole kimefungwa kwa pindo la kanga. Akaulizwa mipaka, akaitaja mmoja mmoja: nani alisimika jiwe lipi, mwaka gani, na nani alishuhudia. Shemeji akaulizwa hayo hayo, akatazama viatu vyake. Wazee wa baraza hawakuchelewa. Shamba likawa la Mbeleje na watoto wake, likaandikwa, likasomwa kwa sauti. Wanawake waliokuwa wakingoja kesi zao wakapiga vigelegele hata karani akashindwa kuendelea. Na Chibago alirudi kijijini akipiga honi njia nzima, amempakia mwenye shamba.

Ndugu zangu, wengi wetu ni mafundi hodari wa viraka. Tunapatana leo, tunagombana kesho, tunapatana tena. Tunaapa, tunaanguka, tunaapa upya, kisha tunailaumu barabara. Basi nawauliza kabla hamjaondoka: ni lini mara ya mwisho uliingiza mkono ndani ya tairi lako, ukakubali kuchomwa?