Kadi ya Kindege Kizee

Hebu vuteni picha, wanangu: kiwanja cha ndege chenye vumbi, na kindege cha miaka thelathini chenye ufa kwenye bawa. Bwana Kisusi, wakala wa kiwanda kilichokitengeneza, alikitazama akijipepea kwa kofia.

"Dhamana yetu ni miaka kumi na minane," alisema. "Bawa jipya hatutoi."

Mkaguzi wa ndege, aliyesimama kando, akatikisa kichwa. Bila bawa jipya, kindege kisingeruka, na dawa zisingefika vijiji vya mbali. Fundi Nyamizi hakubishana hata kidogo.

"Basi mzee wetu, kula keki kwanza. Leo ni siku ya kuzaliwa ya kindege chetu."

Bwana Kisusi akala vipande vitatu. Nyamizi akamletea kadi.

"Kiandikie neno la upendo, mzee. Wewe ndiye uliyekuja badala ya mzazi wake."

Kisusi, sukari masharubuni, akaandika: "Hongera, mwanetu! Kiwanda kitakutunza maisha yako yote." Akatia sahihi.

"Na muhuri je? Watu watasema nimeandika mwenyewe."

"Ninyi na mihuri!" Akacheka, akaugonga. Paa!

Nyamizi akampa mkaguzi kadi. Mkaguzi akaisoma mara mbili.

"Hii ni dhamana mpya. Ina sahihi, ina muhuri."

"Lakini ni kadi ya keki!" Kisusi akapaliwa.

Nyamizi akampa maji. "Pole, mzee. Bawa litafika lini?"

Keki kuleni, wanangu, ila nawaomba mkumbuke jambo moja: someni tena kabla ya kugonga muhuri.