Unga wa Irai

Wametusimulia waliotutangulia katika imani, nao walipokea kwa wazee wao, ya kwamba zamani, Wakristo wa nchi ya Misri walipokuwa wakiuawa kwa ajili ya jina la Bwana, palikuwa na kijiji kimoja kandokando ya mto Naili. Kasisi wa kijiji hicho alikuwa mzee aitwaye Abba Koluto, mcha Mungu, mtu wa saumu na sala, na mwenye hasira za karibu. Msishangae. Tumezoea kuhadithiwa watakatifu wapole wasioweza hata kumfukuza kuku jikoni. Huyu hakuwa mmoja wao, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi ilitokea siku moja askari wa liwali wakaingia kijijini na sanamu yao na chetezo cha moto, na kila waliyemkamata wakamwamuru atie ubani kuiabudu ile sanamu. Walikamatwa wawili tu. Wa kwanza alikuwa Hilarioni, aliyebaki nyuma kufunga mlango wa kanisa. Akakataa, nao wakamkata kichwa pale pale sokoni. Wa pili alikuwa Irai, mzazi aliyekuwa amejifungua karibuni na hakuweza kukimbia. Irai akaitazama damu ya Hilarioni, akamtazama mtoto mikononi mwake, akachukua ubani akautia motoni. Wakamwachia.

Dhiki ile ilipopita, Irai alirudi kanisani akilia. Kwa sheria ya zama zile, aliyemkana Bwana hakuingia ndani, bali alisimama nje ya mlango pamoja na wenye kutubu. Alisimama hapo miaka, jua lake, vumbi lake, watu wakimpita kama wanavyopita nguzo. Hatimaye askofu akaja mwenyewe, akamwekea mikono kichwani, akatangaza kuwa toba yake imekubaliwa, na kwamba Pasaka hiyo ataingia na kushiriki kama wengine. Jambo likawa limekwisha. Angalau mbinguni lilikwisha.

Desturi ya kanisa lile ilikuwa hivi: mkesha wa Pasaka, kila nyumba ilileta bakuli la unga, ukamiminwa wote katika chano kimoja kikubwa cha mti, na kutoka humo ukakandwa mkate wa madhabahuni. Aliyeukanda alikuwa Teopista, mjane wa Hilarioni. Walimpa heshima hiyo kwa ajili ya damu ya mumewe. Na mwaka huo mto ulikuwa haukujaa, mashamba yalikauka, na unga ulioletwa ulikuwa wa mwisho mwisho katika nyumba za watu.

Wakaja, wakamimina. Irai naye akaja na bakuli lake, akamimina upesi kabla moyo haujambadilikia.

Teopista akasimama. "Utoe," akasema.

"Nitoe nini, mama?"

"Unga wako. Mkono uliotia ubani mbele ya sanamu hautatia unga katika mkate wa Bwana. Utoe!"

Watu waliokuwa wamejipanga ukutani wakaguna kuafiki. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Askofu amekwisha kumpokea." Irai akainama juu ya chano, akachota unga kwa viganja viwili, kisha akasita.

"Mama," akasema, "siujui wangu ni upi."

Teopista akakishika chano kwa nguvu zote za msiba wake, akakipindua. Unga wa kijiji kizima ukamwagika uani, juu ya mchanga.

Abba Koluto alikuwa ndani akisali. Aliposikia kishindo akatoka, akaona unga chini, akamwona Irai mikono yake ikiwa myeupe, akafahamu. Uso wake ukabadilika. Lakini hakumkemea Teopista. Aliwageukia wale wa ukutani.

"Na ninyi mnaguna nini?" akapaza sauti. "Huyu aliyemwaga amechinjiwa mume. Ana haki ya kulia mpaka ukuta huu ulie naye. Ninyi mmefiwa na nani? Siku ile mlikuwa kwenye matete, maji yamewafika shingoni, hata kukohoa mnaogopa! Nasema hivi kwa kuwa nilikuwamo, mimi kasisi wenu. Sisi hatukumkana Bwana kwa sababu hatukuulizwa!"

 Lakini mzee mmoja wa kanisa, jina lake Serapio, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, akasema, "Abba, hasira zako tunazistahi. Lakini madhabahu nayo ina heshima yake. Mtu kama huyu ana thamani gani mbele yake?"

"Thamani?" Abba Koluto akamsogelea hadi wakakaribia kugusana ndevu. "Mwana wa Mungu alimwaga damu yake kwa ajili ya mwanamke huyu, wala hakungoja kwanza awe jasiri. Yeye amekwisha kusema thamani yake. Wewe Serapio ni nani, hata uje kuipunguza?"

Kisha Abba Koluto akapiga magoti mchangani, akaanza kuzoa unga kwa mikono. Wakamwambia umeingia taka, haufai. Akawaambia hakuna mwingine, na Pasaka haitangoja. Akauchekecha, akauchekecha tena, akaukanda mwenyewe huku akisali na kununa, akauoka. Na kweli ulikuwa na mchanga. Mchanga wa mto ni laini, chekeche haliutoi wote.

Alfajiri ibada ikaanza. Watu wakapanga mstari kuuendea mkate, na Irai miongoni mwao. Teopista alibaki nyuma kabisa, mgongo wake ukutani. Abba Koluto akamwona, akasimamisha ibada.

"Teopista, mwanangu, njoo."

"Siji, Abba."

"Kwa nini?"

Kanisa zima likamsikia akijibu: "Kwa sababu sijamsamehe. Nimejaribu, sikuweza. Nina hasira naye, nina hasira na wewe, na nina hasira na Mungu aliyemwachia huyu mwanawe na kumrudishia nafasi yake, asinirudishie mimi mume wangu. Nikija hapo na moyo huu nitakuwa mnafiki. Kwa hiyo siji."

Serapio akasema kwa sauti ya chini, ila si ya chini sana, kwamba imeandikwa mtu apatane kwanza na mwenzake, aiache sadaka yake mbele ya madhabahu. Abba Koluto akamkata: "Ameiacha. Ameimwaga yote uani. Nyamaza!"

Hapo Irai akatoka mstarini. "Abba, nitarudi nje," akasema. "Mimi nimezoea. Yeye ndiye aliyefiwa, apokee yeye mahali pangu."

Msidhani mzee alimsifu kwa unyenyekevu huo. Alighadhibika kuliko alivyoghadhibika uani.

"Rudi hapo uliposimama!" akasema. "Huna mahali pa kumpa mtu. Hata hapo ulipo hukupapata kwa kusimama juani, wala Teopista hakupapata kwa damu ya mumewe, wala mimi kwa mvi zangu. Tumepewa. Mnanisikia? Tumepewa sote, bure, na mnavyohangaika kupalipia mnamtukana aliyetoa!"

Akashuka na mkate mkononi, akapita katikati ya watu mpaka ukutani. Sauti yake ikapungua.

"Mwanangu, wewe peke yako leo umesema kweli katika nyumba hii. Huna msamaha? Mimi pia sina wa kukukopesha. Basi njoo na hasira hiyo hiyo, umwambie Yeye ulichoniambia mimi. Ataisikia. Hakuwaalika walioshiba."

Teopista akalia, kilio alichokuwa hajakilia tangu siku ile ya sokoni. Akaenda mbele, mzee akimshika mkono, akapokea, akatafuna mkate na mchanga wake.

Wapo wanaosimulia kwamba wanawake wale wawili wakakumbatiana na kanisa zima likaimba. Wanaongeza chumvi, nasi tumeichoka chumvi hiyo. Waliokuwapo walisema Teopista hakumtazama Irai kamwe asubuhi ile. Ila nafasi mbele ya madhabahu ilikuwa finyu, na Irai alipokwisha kupokea hakuwa na pa kusimama. Teopista akasogea kidogo. Irai akasimama kando yake.

Ndugu wapendwa, tunaiimba neema kila Jumapili kwa sauti nzuri, na kila Jumapili kuna mtu tunayetaka abaki nje. Tusidanganyane: neema inaudhi. Ikiwa haijakuudhi bado, ni kwa sababu hujaiona ikimfikia yule aliyekuumiza. Siku utakapoiona, usijitie utakatifu, na usikae ukutani. Nenda na uchungu wako mpaka mbele, kisha usogee umpe mwenzako nafasi, hata kama bado huwezi kumtazama.